Hofu ya Zika na Amana ya Mimba

(Hotuba kwa waumini wa misikiti ya Handeni na Korogwe)

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w., jamaa zake na masahaba zake. Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linaloulizwa mara kwa mara na waumini, hasa akina mama, nalo ni habari ya mbu anayesemwa kwamba humdhuru mtoto angali tumboni mwa mama yake. Wapo waliolisikia jina la Zika redioni. Wapo waliolipata kwa ujumbe wa simu ambao haijulikani ulianzia wapi. Na wapo wajawazito ambao kila wakiumwa na mbu mmoja, usingizi huwapotea usiku kucha.

Katika mazungumzo ya watu tumesikia kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba huo ni ugonjwa wa Wabrazili, sisi hautuhusu. Ya pili husema kwamba mjamzito yeyote aliyeumwa na mbu huyo atazaa mtoto mwenye kichwa kidogo. Kauli zote mbili si za kweli, na zote mbili zina madhara. Ile ya kwanza humlaza mtu asichukue tahadhari, na hii ya pili humjaza hofu bila kumfundisha la kufanya.

Basi neno letu ni moja, nalo ni hili: hofu peke yake hailindi mimba. Kinachoilinda ni elimu pamoja na kazi, na kazi hiyo huanzia kwenye chombo cha maji kilichoko nyumbani kwetu na msikitini kwetu.

Tuichunguze habari kabla ya kuieneza

Kurani Tukufu katika sura Al-Hujurat inawaamuru waumini wakiletewa habari waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Na katika sura An-Nisaa imelaumiwa tabia ya watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirudisha kwa wenye mamlaka na wenye uwezo wa kulipambanua. Mafundisho haya hayakuhusu vita peke yake. Uvumi juu ya maradhi nao huua. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake ameshaharibika tumboni, huenda akanywa dawa asizozijua, au akakimbia kliniki, au akaitoa mimba iliyo salama kabisa.

Kwa hiyo tuitazame Zika ilivyo, tusiizidishe wala tusiipunguze.

Virusi vya Zika havikuzaliwa Brazili. Viligunduliwa jirani yetu Uganda, mwaka 1947, katika msitu uitwao Zika karibu na Entebbe. Wataalamu waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walimweka nyani msituni humo, akapata homa, na katika damu yake wakaviona virusi ambavyo havikuwa vikijulikana kabla ya hapo. Mwaka uliofuata, 1948, virusi hivyo vilipatikana katika mbu wa msitu ule ule. Mwaka 1952 uchunguzi wa damu za watu ulionyesha alama za maambukizi hayo Uganda na pia katika Tanganyika yetu. Basi anayesema kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu, hajui kwamba jina lenyewe limetoka Afrika Mashariki.

Kwa muda wa miaka sitini virusi hivi havikumshughulisha mtu, kwa sababu wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Anayeugua kwa kawaida hupata homa ndogo, vipele, macho mekundu na maumivu ya viungo, kisha hupona baada ya siku chache. Mwaka 2007 ulitokea mlipuko katika kisiwa cha Yap kilichoko bahari ya Pasifiki, na mwaka 2013 mwingine ukaanza katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Mwaka 2015 ugonjwa ukaenea Brazili, na waganga wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo wakaona jambo la kusikitisha: watoto wengi kuliko kawaida walikuwa wakizaliwa na vichwa vidogo, ubongo haukukua kama inavyopasa. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa afya ya ulimwengu. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 18 Novemba 2016, si kwa sababu virusi vimekwisha, bali kwa sababu ilikwisha kubainika kwamba Zika ndiyo chanzo, na kwamba ni jambo la kushughulikiwa kwa miaka mingi na si kwa miezi.

Sasa hatari yenyewe ni ya kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa na mama walioambukizwa Zika wakati wa mimba, watoto kati ya 5 na 15 huonekana na madhara yatokanayo na virusi hivyo. Hatari ni kubwa zaidi mama akiambukizwa katika miezi mitatu ya kwanza. Hii maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hatari ipo, nayo si ndogo kwa mzazi ambaye mtoto wake amefikwa. Lakini pia maana yake ni kwamba hata miongoni mwa waliothibitishwa kuambukizwa, walio wengi huzaa watoto wasioonekana na madhara hayo. Na si kila mtoto mwenye kichwa kidogo ameathiriwa na Zika. Rubela, maradhi mengine ya mimba, ulevi wa mama, na sababu za kurithi huweza kuleta hali hiyo hiyo. Anayemtazama mtoto wa jirani na kutoa hukumu kwa macho tu, anasema asilolijua.

Yaliyotokea nchini mwaka 2016

Hapa Tanzania hofu hii ilipamba moto mwezi Desemba 2016. Tarehe 15 ya mwezi huo Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alieleza matokeo ya uchunguzi mbele ya waandishi wa habari: kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walikutwa na maambukizi ya Zika. Habari hiyo ilienea nchi nzima siku ile ile. Wizara ya Afya ikatoa tamko kwamba nchini hakuna mlipuko wa Zika. Na ndani ya siku hizo hizo Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi huyo. Baadaye Dk. Malecela, ambaye alikuwa ameutumikia kwa miaka mingi mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, alikwenda kuongoza idara ya magonjwa yaliyosahauliwa katika Shirika la Afya Duniani, mpaka alipofariki dunia Februari 2022.

Hatukuja hapa kuhukumu baina ya serikali na wataalamu wake. Tunalotaka waumini walielewe ni kwamba kauli zile mbili, ambazo wengi walizisikia kama zinapingana, zinahusu mambo mawili yasiyo sawa. Kupatikana kwa alama za virusi katika damu za watu kadhaa ni jambo moja, na mlipuko wa ugonjwa, ambapo wagonjwa wanamiminika hospitali, ni jambo jingine. Virusi huweza kuwepo katika nchi kwa miaka mingi pasipo mlipuko. Tena kingamwili za Zika zafanana na zile za dengi na za homa ya manjano, hivyo baadhi ya vipimo huhitaji kurudiwa kwa njia nyingine ili kupata uhakika. Mtu wa kawaida hakuelezwa tofauti hiyo. Alichobaki nacho ni hofu, na baada ya hofu, kimya.

Na kimya hakiponyi. Wazee wetu wamesema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mjamzito anastahili kuelezwa ukweli kwa upole na kwa ukamilifu, pamoja na njia ya kujikinga. Akiambiwa hatari bila kinga, atafadhaika. Akinyimwa habari, ataitafuta kwenye uvumi.

Watu wa Korogwe wanayo sababu ya kuiheshimu elimu ya utafiti kuliko wengi. Mji huu ulikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika ambamo chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Chanjo hiyo ndiyo ambayo mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Akina mama wa vijiji vya hapa waliowapeleka watoto wao kupimwa na kufuatiliwa kwa miaka yote ile wametoa sadaka inayoendelea kuwafaa watoto wa nchi nyingine.

Mbu wa mchana na maji ya Handeni

Mwenyezi Mungu anasema katika sura Al-Baqara kwamba Yeye haoni haya kupiga mfano hata wa mbu. Wasioamini walidharau mfano huo kwa sababu ya udogo wa kiumbe chenyewe. Lakini tazameni leo jinsi kiumbe hicho kidogo kinavyowashughulisha wafalme na madaktari wa ulimwengu mzima.

Tulio wengi twajua mbu mmoja tu, yule Anofelesi anayeuma usiku na kuleta malaria. Mbu wa Zika ni mwingine. Wataalamu humwita Aedesi. Ni mweusi mwenye madoa meupe yanayong'aa mwilini na miguuni, naye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Chandarua tunachoingia baada ya sala ya Isha hakimzuii mbu aliyemuuma mama saa mbili asubuhi anapofua nguo, au saa kumi na moja jioni anapopika.

Mbu huyu hapendi dimbwi la tope wala mto. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo karibu na watu: pipa, ndoo, mtungi, tangi lisilofunikwa, kopo lililotupwa, kifuu cha nazi, tairi chakavu. Hapa ndipo jambo hili linapotugusa watu wa Handeni na Korogwe moja kwa moja. Wilaya ya Handeni imejulikana kwa miaka mingi kwa shida ya maji. Watu wamechota kwenye malambo, wamengoja maji ya mradi wa HTM yanayotoka mto Pangani, wamenunua kwa madumu, na masika yakija wamekinga kila tone linaloanguka kutoka kwenye bati. Mwenye shida ya maji hana budi kuyaweka akiba. Na pale yanapowekwa akiba bila kufunikwa, ndipo mbu wa mchana anapotaga. Basi shida ya maji huzaa shida ya mbu, na anayechoka kuchota ndiye huyo huyo anayeumwa.

Korogwe nayo imo katika njia kuu. Kutoka Mkata hadi Segera, na kutoka Segera hadi Mombo, mabasi na malori hupita usiku na mchana, na kandokando ya barabara mafundi wamelundika matairi yaliyokwisha kazi. Mvua moja ikinyesha, kila tairi huwa kisima cha mbu.

Huenda mtu akauliza: kama haijathibitishwa kwamba Zika ipo kijijini kwetu, kwa nini tujisumbue? Jibu ni kwamba mbu yule yule ndiye aletaye homa ya dengi na chikungunya. Dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na mwaka 2019 ikarudi kwa nguvu katika jiji hilo na kuingia mkoa wetu wa Tanga. Mjamzito akipata dengi kali yuko katika hatari ya kutokwa damu na ya kuzaa kabla ya wakati. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini kwetu, katika nyanda za juu za Wamakonde, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Mama anayeugua chikungunya siku za kujifungua huweza kumwambukiza mtoto anayezaliwa. Kwa hiyo anayelifunika pipa lake hajifichi na Zika peke yake. Amefunga mlango mmoja ambao maradhi matatu hupitia.

Tena ndugu zetu, sisi Waislamu tulifundishwa jambo hili kabla ya darubini kupatikana. Imepokewa kwa Jabir r.a. katika Sahih Muslim kwamba Mtume s.a.w. aliamuru vyombo vifunikwe na viriba vya maji vifungwe midomo, akaeleza kwamba katika mwaka upo usiku ambao maradhi hushuka, na hakipiti chombo kisichofunikwa ila huingia humo. Ni wangapi katika sisi tunaoihifadhi hadithi hii, na pipa letu liko wazi uani?

Tusimsahau adui tunayemjua

Hofu ya jambo geni humsahaulisha mtu jambo lililomzoea. Mjamzito wa Handeni au Korogwe anayeiogopa Zika lakini halali ndani ya chandarua amemkimbia nyoka asiyemwona na kumkanyaga aliye mbele yake. Malaria ndiyo iliyowasumbua wajawazito wa mkoa huu miaka nenda miaka rudi. Humpunguzia mama damu, huharibu mimba, na humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, na mtoto wa namna hiyo huwa dhaifu mbele ya kila ugonjwa.

Na kwa malaria kinga tunayo mikononi. Ni chandarua chenye dawa kila usiku. Ni kuanza kliniki mapema mimba inapojulikana, si kungoja mpaka mwezi wa saba. Ni kumeza dawa ya SP pale kliniki kila inapotolewa kwa ratiba, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kwa maelekezo ya muuguzi. Wapo wanaoificha SP chini ya ulimi na kuitema nje ya geti kwa sababu ya maneno ya barazani. Dada zetu, amana iliyo tumboni ina haki juu yenu, nayo haki hiyo haitimizwi kwa maneno ya barazani.

Tena homa ya mjamzito si jambo la kungoja kesho. Aende akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikionyesha hana malaria na homa inaendelea, amweleze mganga, asijinunulie dawa dukani. Mpaka dengi itakapoondolewa katika dhana, maumivu yatulizwe kwa parasetamo kwa kipimo alichoelekezwa, si kwa aspirini na dawa za jamii yake, kwa kuwa hizo huweza kuzidisha kutokwa damu.

Wajibu wa waume

Sura Luqman inatukumbusha kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Sura At-Talaq inaamuru kwamba hata mwanamke aliyeachwa, akiwa na mimba, agharimiwe mpaka atakapojifungua. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, mke aliye ndani ya nyumba ana haki kubwa kiasi gani? Kununua mfuniko wa pipa, kutafuta wavu wa dirisha, kumtolea mke nauli ya kliniki, kumchotea maji mimba inapokuwa nzito, yote hayo ni katika matumizi ambayo mume ataulizwa.

Lipo jambo jingine ambalo haya isituzuie kulisema, kwani masahaba hawakuona haya kumwuliza Mtume s.a.w. juu ya mambo ya dini yao. Virusi vya Zika hupita pia kwa njia ya tendo la ndoa, hata mume asipohisi ugonjwa wowote. Kwa hiyo mume aliyetoka safari katika nchi au mahali ambapo mlipuko umetangazwa, na mkewe ni mjamzito, na ajizuie au watumie kinga kwa muda wote wa mimba. Na wanaotaka kupata mtoto baada ya safari ya namna hiyo, ushauri wa wataalamu ni kwamba mume angoje miezi mitatu, na mke, ikiwa ndiye aliyesafiri, angoje miezi miwili. Madereva na wafanya biashara wetu wanaovuka mipaka walizingatie hili. Mjamzito mwenyewe, ikitangazwa kwamba pana mlipuko mahali fulani, aiahirishe safari isiyo ya lazima.

Wala asiseme mtu kwamba kujikinga ni kukosa imani juu ya kadari. Hadhrat Umar r.a. alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, aliambiwa kwamba tauni imeingia huko, naye akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdur-Rahman bin Auf r.a. akaleta hadithi ya Mtume s.a.w. iliyoafiki uamuzi huo. Kutawakali bila kumfunga ngamia si tawakali.

Na ikiwa, baada ya tahadhari zote, mtoto amezaliwa na kichwa kidogo au kilema chochote, kwa sababu ya Zika au sababu nyingine, basi hapo ndipo imani ya jumuiya nzima inapopimwa. Mama huyo hakurogwa, hakuingiliwa na jini, wala hakuleta mkosi katika ukoo. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu hiyo, na shangazi anayemsema kisimani, wamemdhulumu aliyekwisha kujeruhiwa. Mwenyezi Mungu aliteremsha sura Abasa kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Ummi Maktum r.a., ili heshima ya mwenye ulemavu ijulikane mpaka siku ya Kiyama. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kliniki, mazoezi ya viungo, na wazazi wasiofichwa wala wasiofichana. Msikiti wenye mtoto kama huyo katika nyumba zake na usimjue jina, umepungukiwa.

Tufanyeje basi?

Tunapendekeza kwamba kila nyumba iichague siku moja ya juma, na siku bora ni Ijumaa asubuhi tunapojitayarisha kwa sala. Kwa nini kila juma? Kwa sababu yai la mbu huyu huchukua kama siku saba hadi kumi kuwa mbu anayeruka. Anayesafisha vyombo kila juma huwa amekata njia hiyo kabla haijakamilika.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai hugandamana na ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Ni lazima chombo kisuguliwe ndani kwa brashi au kwa mchanga na kumbi la nazi. Na kwa kuwa maji ya Handeni hayamwagwi ovyo, yachujwe kwa kitambaa safi kuingia chombo kingine, chombo cha kwanza kisuguliwe, kisha maji yarudishwe na kufunikwa kwa mfuniko unaobana au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba. Mfuniko wenye tundu si mfuniko. Makopo na vifuu vifukiwe. Matairi yawekwe chini ya paa au yatobolewe maji yasikae. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika.

Mjamzito na avae nguo zenye kumfunika mikono na miguu, jambo ambalo dada zetu Waislamu wamekwisha kulizoea, na akipumzika mchana alale ndani ya chandarua. Mtoto mchanga naye vivyo hivyo.

Na msikiti uanze na nafsi yake. Tutazame mapipa ya maji ya udhu, birika la uani, makopo yaliyoachwa nyuma ya choo, na tangi lililopoteza mfuniko tangu mwaka juzi. Haifai imamu awahimize watu juu ya mimbari, na hatua kumi nyuma yake viluwiluwi vinacheza katika maji ya kutawadhia. Kila msikiti uwateue vijana wawili wa kulisimamia jambo hili, na akina mama wawili wa kuwatembelea wajawazito wa mtaa, kuwauliza kama wamekwenda kliniki na kama wana chandarua. Mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe baada ya sala aulizwe maswali, na habari yoyote mpya juu ya Zika au dengi iulizwe kwake au katika zahanati kabla ya kusambazwa kwa simu. Waumini wenzetu wa dini nyingine nao washirikishwe, kwani mbu anayezaliwa katika pipa la mmoja haulizi dini ya jirani.

Ndugu zetu wapenzi, pipa, mfuniko na chandarua ni vitu vya kawaida, navyo twavigusa kila siku. Lakini katika vitu hivyo mna uhai wa watu ambao bado hawajaliona jua. Mwenyezi Mungu amewaweka mahali pa giza na utulivu, akawakabidhi kwa mama zao, na mama zao akawakabidhi kwetu sisi sote.

Ewe Mola wetu, walinde akina mama wenye mimba, uwajalie wajifungue kwa salama watoto wema wenye afya. Wape subira na heshima wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wape wataalamu wetu ukweli wa kuusema, na viongozi wetu moyo wa kuusikia. Na utujaalie sisi tuwe watu wa kutenda tunayoyasikia. Amin.

Wa akhiru da'wana anilhamdu lillahi Rabbil aalamin.